Njiti Moja, Hatua Hamsini

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne na nilikuwa na hasira za karibu. Naanza na hilo kwa sababu watu tukizeeka hujisimulia kana kwamba tulikuwa wapole tangu tumboni. Mimi sikuwa mpole. Nilizaliwa Tarime, pale Bomani, na baba yangu alikuwa fundi seremala, Mwislamu wa swala tano, ambaye hakuwahi kunipiga kwa kuvunja kikombe lakini aliweza kukufukuza kwenye karakana yake kwa kusema ubao una "kama inchi mbili hivi." Kwake hapakuwa na "kama" wala "hivi." Palikuwa na futi, na futi ndiyo iliyosema. Nilipopangiwa shule ya upande wa Serengeti, mama alinipa nasaha za usiku kucha, baba akanipa futi yake ya kukunja.

Shule yenyewe ilikuwa katika kijiji kipya cha ujamaa. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kiangazi kilichotangulia. Walipewa siku chache, na waliokawia waliezuliwa mapaa, wakabeba miti yao wenyewe kwenda kujengea upya. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kumi kumi, na mistari ilinyooka vizuri, hilo nalisema kama mtoto wa seremala. Ila wazee walipokuwa wakisema "kwetu" hawakuonyesha nyumba hizo. Walinyoosha mkono ng'ambo ya mto, kwenye mahame yao, ambako sasa ilikuwa nchi ya wanyama na mtu hakuruhusiwa kuingia na upinde wala waya.

Mvua za mwaka huo wa kwanza zilikosekana. Mashamba mapya yalikuwa hayajafunguliwa vizuri, na hata yaliyofunguliwa yalitoa mabua tu. Serikali ilileta mahindi ya njano, tukayasaga, tukala ugali ambao watoto walisema una harufu ya gunia. Mboga haikuwepo. Lakini mara moja moja, jioni, mtoto alitumwa nyumbani kwangu na kifurushi cha majani, na ndani yake mlikuwa na nyama iliyokaushwa, nyeusi, ngumu, yenye chumvi kidogo. Sikuuliza ni ya mnyama gani. Wala sikuuliza kama ilichinjwa. Baba yangu angeuliza. Mimi niliiloweka, nikaipika, nikala, na nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Somo lilikuwa makazi ya wanyama. Tulikuwa na kitabu kimoja kwa darasa zima, na picha zake zilionyesha simba ameketi mlangoni mwa pango kama mzee anayesubiri uji. Nilikiangalia kitabu kile nikapandwa na hasira. Watoto wale walikuwa wamekua wakisikia nyumbu wakipita nyuma ya nyumba, halafu nije niwafundishe kwa picha ya mtu ambaye pengine hakuwahi kumwona hata digidigi. Zilikuwa siku za elimu ya kujitegemea, kila kitu kilitakiwa kiwe kazi ya mikono, ingawa kwa kawaida maana yake ilikuwa kulima pamba ya shule. Nikasema, kama mikono ndiyo inatakiwa, basi mikono na ifinyange.

Nikawagawa katika makundi. Kila kundi lilipata ubao wa sanduku la sabuni kutoka duka la kijiji. Udongo tuliuchukua kwenye kichuguu kwa sababu haupasuki upesi, tukauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu. Nyasi zilikuwa nyasi, kokoto zikawa majabali, na vijiti vya miiba vikawa migunga. Kila kundi lilitakiwa kutengeneza mahali ambapo mnyama fulani anaishi: analala wapi, anakunywa wapi, anakula nini, anamkimbia nani.

Nilitoa sheria mbili. Ya kwanza: usiweke kitu ambacho hujakiona kwa macho yako. Ya pili ilitoka moja kwa moja karakanani kwa baba: kila kitu kiwe na kipimo. Njiti moja ya kiberiti ni hatua hamsini za mtu mzima. Tuliokota njiti zilizokwisha kuwashwa, za mama zao, za mwenye duka, na hasa za mwalimu mkuu, ambaye alivuta sigara kiasi kwamba peke yake alitutosheleza nusu ya darasa. Watoto walizilaza mwisho kwa mwisho juu ya udongo, toka shimo la fisi hadi majini, wakihesabu. Siku za mapumziko walikwenda kupima kwa miguu na kurudi kubishana.

Nilikuwa mkali juu ya sheria zangu. Kundi moja la wavulana lilitengeneza pango la simba, zuri, lenye mlango wa duara. Nikawauliza ni nani kati yao ameliona pango hilo. Wakaangaliana. Nikalibomoa kwa kiganja, pale pale, mbele ya wenzao, nikawaambia waanze upya na kitu wanachokijua. Mmoja alilia. Sikumbembeleza. Baadaye walitengeneza shimo la mhanga, na lilikuwa bora kuliko pango mara kumi, nami nikaona nimethibitisha jambo.

Kulikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na mmoja hivi. Hii "hivi" baba angeikataa, lakini siku aliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni tu, nyumbani walisema Kinata, na alikuwa na desturi ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu, hata ukimwuliza mbili na mbili. Baba yake alikuwa mtu mrefu, mcheshi, ambaye kila nikikutana naye njiani alinisalimu na kuniuliza kama bintiye anasikia. Sasa hivi naweza kumwona akicheka. Ndiye aliyekuwa akimtuma mtoto na vile vifurushi vya majani. Nilijua hilo. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikula.

Wenzake wa kundi walimwachia binti huyo kazi yote kwa sababu alijua. Alitengeneza makazi ya nyumbu mahali pa kushukia mtoni. Lakini hapakuwa mahali popote tu. Palikuwa kwao, pale walipoishi kabla ya kuhamishwa. Aliweka mkuyu uliokuwa uani kwao. Aliweka mduara wa mawe wa boma la ng'ombe, ambalo sasa lilikuwa tupu, na ndani yake akaweka pundamilia watatu wa udongo. Nilipouliza pundamilia wanatafuta nini bomani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyasi zimeota sana pale kwa sababu ya mbolea ya ng'ombe wetu. Sasa wao ndio wanakaa pale tulipokaa."

Nilikwenda nyuma ya darasa nikajifanya natafuta chaki.

Siku mbili kabla ya maonyesho nilikagua ubao wake mara ya mwisho. Njiti zilikuwa zimelazwa sawasawa, toka mkuyu hadi ukingo laini ambapo nyumbu hushuka. Kwenye vichaka, palipobanana, niliona vitanzi vidogo vya uzi wa katani, kila kimoja kimefungwa kwenye kijiti. Vilikuwa saba au vinane. Karibu na jabali kulikuwa na kichanja cha vijiti, kama kile cha kuanikia vyombo, na juu yake vipande vya majani makavu.

"Hivi ni nini?"

"Ni waya za tata," akasema. Tata kwao ni baba.

"Umeziona wewe?"

"Nimeziona, mwalimu. Mimi na mama tunakwendaga kubeba."

Hapa ndipo. Nimekirudia kitendo hiki katika kichwa changu kwa miaka mingi, nikijaribu kukumbuka kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilijua waya zile ni nini na nyama inayokauka pale huishia kwenye sufuria ya nani. Mkono wangu ulikwenda hadi juu ya vitanzi kuving'oa. Kisha nikaona wale wavulana wa pango la simba wananiangalia, nikaona sheria yangu, nikaona aibu ya kumwambia mtoto mkweli kuliko wote afiche alichokiona. Nikasema, "Kama umeviona, viache."

Ningeishia hapo pengine pasingeharibika kitu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuandika barua, kwa mkono wangu, kumwalika bwana nyama, ofisa wa wanyamapori wa upande ule, aje kuona maonyesho na kuzungumza na watoto. Nilifikiri mtu anayeishi na wanyama atafurahi. Mwalimu mkuu aliisoma barua ile kabla haijaondoka, akazima sigara yake na kusema, "Mwalimu, mbao zako ni nzuri mno. Waonyeshe wazazi, yatosha. Huyu mtu mwache na kazi yake." Nilimwona mwoga na mvivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Ubaya wa methali hiyo ni kwamba guu lililovunjika halikuwa langu.

Bwana nyama alikuja asubuhi ya Jumanne, nguo zimepigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa adabu. Wazazi wachache walisimama nje dirishani, wengi wao akina mama, maana wanaume walipoona gari lake walikumbuka kazi za mbali. Alipita ubao kwa ubao. Alicheka kwenye shimo la mhanga. Kila kundi lilimchagua mmoja wa kueleza kwa fimbo, kama nilivyowafundisha: sema kwa sauti, onyesha kwa fimbo, usiruke kitu.

Alipofika kwa binti yule, akainama hadi macho yao yakawa sawa. "Haya, mwanangu, nieleze."

Akaeleza. Sijawahi kusikia mtoto akieleza vile. Nyumbu wanashuka hapa kwa sababu ukingo ni laini. Nyati analala hapa mchana. Swala hawaji hapa upepo ukitoka huku. Hakunyamaza kwanza hata mara moja. Kiswahili kilikuwa kinamtoka chenyewe, nami nimesimama nyuma yake kifua kimenijaa. Fimbo yake ilipofika kwenye vichaka, akapunguza sauti, akaniangalia. Nakumbuka alivyoniangalia. Alikuwa ananiuliza.

Nikasema, "Endelea. Mweleze mgeni na kipimo."

Basi akaendelea. Njiti moja ni hatua hamsini. Toka mkuyu hadi jabali ni njiti tisa. Toka jabali kugeukia jua linakozama hadi vichaka vyenye waya ni njiti tano. Alizihesabu kwa sauti, moja moja, kwa ncha ya fimbo, na bwana nyama hakutoa daftari wala kalamu. Midomo yake tu ilikuwa inatikisika, akihesabu pamoja naye. Nje dirishani mama mmoja aliondoka. Alikuwa mama wa binti. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini fimbo haihitaji lugha.

Bwana nyama alitupongeza. Alisema hajaona kazi ya namna ile katika shule yoyote. Akatoa penseli mpya mfukoni akampa binti, darasa likapiga makofi, nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote.

Jioni ile mama alimwambia mume wake, hilo nililijua baadaye. Yeye alicheka. Akasema ule ni mchezo wa watoto wa udongo, mtu mzima na bunduki yake hawezi kufuata njiti za kiberiti. Hata hivyo akaamua kwenda kuzitoa waya, kwa usalama, kwa kuwa waya zilikuwa adimu na hakutaka kuzipoteza. Ijumaa alfajiri alikwenda. Walikuwa wanamsubiri nyuma ya jabali.

Gari lilipita mbele ya shule saa nne, wakati wa hesabu. Lilikwenda polepole kwa ajili ya makorongo. Darasa zima lilikimbilia dirishani, nami sikuwazuia. Alikuwa amekaa nyuma, mikono imefungwa, shati limechanika begani, na karibu na miguu yake kulikuwa na pembe za nyumbu na fundo la waya. Hakuangalia shule. Binti yake hakuinuka kwenye benchi. Aliendelea kuandika hesabu iliyokuwa ubaoni, akafika mwisho, akapiga mstari chini kwa rula.

Walimpeleka Mugumu, kisha Musoma, na huko akafungwa.

Nyama ilikoma kuja katika kijiji, na watu hawakuhitaji kutafuta mtu wa kumlaumu. Bibi yake binti, mama wa baba yake, alikataa kupokea maji kutoka mikononi mwake. Watoto wa baba yake mkubwa waliacha kula naye sinia moja. Mdomo uliponza kichwa, walisema, na kichwa hicho kilikuwa cha baba. Shuleni aliendelea kuja, akikaa nyuma, akijibu kwa maneno ya kitabu. Simba anaishi wapi? Simba anaishi pangoni. Nilimpa alama ya vema kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nilikwenda kwao. Nilikaa mbele ya baba yake mkubwa, mtu mzee mwenye blanketi, nikamwamkia, nikasema kosa ni langu, nilimwalika yule mtu mimi, niliona waya zile mimi, na nilimwambia mtoto aendelee mimi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwalimu, wewe kazi yako ni kuuliza. Hilo tunalijua. Sasa na kujibu ilikuwa kazi ya nani?" Nikaanza kusema tena, akaniagizia uji. Nilikunywa uji wa mahindi ya njano nikaondoka. Nilikuwa nimekwenda kubeba mzigo, nikakuta hawanipi hata wa kushika. Mgeni habebeshwi.

Wiki ileile ilikuja barua kutoka ofisi ya elimu. Walikuwa wamesikia habari za mbao zetu. Waliniomba niandike maelezo ya njia niliyotumia, hasa kile kipimo cha njiti, ili walimu wa shule nyingine wajifunze. Mwalimu mkuu alinikabidhi bila kusema neno. Angesema tu "nilikuambia" ningemshukuru.

Kabla ya mvua zilizofuata, binti alipelekwa kwa wajomba zake, Kenyamonta. Hakuniaga. Mama yake alikuja kurudisha kitabu cha kusoma cha shule, kimefungwa kwenye kitambaa safi, akakiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

Nilibaki shule ile. Ningeweza kuomba uhamisho, na baba aliniandikia niombe, lakini niliona kuondoka ni kutoroka. Niliendelea kufundisha makazi ya wanyama kwa kutumia picha za kitabu. Watoto walinakili wakapata vema zao.

Baba yake binti alirudi baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Nilimwona akija kwenye uwanja wa shule na sikumtambua hadi aliponisalimu. Urefu ulikuwepo, mtu ndani yake alikuwa amepungua. Alikohoa, akasubiri, akakohoa tena, akaomba akae, nikamwingiza ofisini. Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa ajili ya siku hiyo muda wote ule, na nikaanza kuyasema. Aliinua mkono.

"Hayo yaache, mwalimu. Nimekuja na ombi. Mtoto nimemtumia watu mara mbili aje nyumbani. Anasema hao watu wanamdanganya, kwamba mimi siwezi kumtaka. Mama yake amekwenda, akamkatalia vilevile. Nenda wewe."

"Mimi? Mimi ndiye mtu wa mwisho atakayemsikiliza."

"Wewe neno lako alikuwa analishika," akasema. "Hata nyumbani. Nikisema kitu, ananiambia, mwalimu hakusema hivyo. Nilikuwa naona wivu." Alijaribu kucheka, kifua kikamkatalia.

Nilikwenda Kenyamonta kwa miguu, mwendo wa toka alfajiri hadi jua la utosi. Nilimkuta anatwanga. Alikuwa amerefuka kama baba yake. Aliacha mchi, akanipigia goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akaniletea kigoda na maji kwenye kata. Heshima yake ilikuwa kamili. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia baba yake amerudi, ni mgonjwa, na anamtaka.

Alinyamaza kwanza. "Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe. Amekaa kwenye kiti changu ofisini akasema."

"Kwa nini hakuja?"

"Hawezi kutembea mbali. Kifua."

Akaingia ndani. Nilisikia akisema na mke wa mjomba kwa Kinata, maneno machache. Alitoka na kanga na kifurushi kidogo, akasimama mbele yangu. "Kwa baba nitakwenda," akasema. "Shule sirudi."

Nilikuwa nimetunga hoja nyingi njiani: darasa la saba, mtihani, akili yake. Nilizitazama hoja zangu zote na sikuona hata moja ninayostahili kuisema. Nikasema sawa.

Tulirudi pamoja, yeye mbele kwa sababu njia za mkato alizijua yeye. Alitembea haraka, na nilipochoka alisimama kunisubiri bila kugeuka. Karibu na mto tulipita palipokuwa na nyayo nyingi kwenye tope, mpya, maji bado yanajaa ndani yake, na mnyama fulani akalia kichakani, mlio wa mara mbili, wa chini. Niliogopa. Nikamwuliza ni mnyama gani yule.

"Sijui, mwalimu," akasema, akanishika mkono akanipitisha upande wa pili, mbali na kichaka kile.